Kabla ya programu mpya, lipe duka namba yake

Mfanyabiashara mdogo akiuliza leo aanze na teknolojia gani, hapewi jibu, hupewa orodha: ukurasa wa Instagram, programu ya kuhesabu mzigo, mashine ya kusoma kadi, na siku hizi akili mnemba ya kumtungia matangazo. Sina ugomvi na hata kimoja. Naona tu kwamba vyote vinamfikia kabla ya zamu yake. Genge, saluni, banda la fundi simu na kijiwe cha bodaboda tayari vinaendeshwa kwa teknolojia moja tuliyoizoea mpaka tumeacha kuiita teknolojia, nayo ni laini ya simu. Kwa wengi, laini hiyo ndiyo ileile inayopokea salamu za mama kutoka kijijini, michango ya harusi, ujumbe wa shule ya mtoto na hesabu za kikoba. Ninachodai hapa ni kwamba kabla ya kununua kingine chochote, biashara itengewe laini yake, yenye pochi yake ya fedha, orodha yake ya wateja na namba yake ya siri. Hakuna kifaa cha bei rahisi kuliko hicho, na vingi vya ile orodha ndefu havifanyi kazi sawasawa pale ambapo hicho hakipo.

Mchanganyiko huu haukuletwa na uzembe wa wenye maduka. Huduma yenyewe ilizaliwa hivyo. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka uliofuata, ilikuwa njia ya mtu kumtumia mtu: kijana wa mjini amtumie mzazi aliyebaki shamba. Wauza nyanya na mafundi cherehani ndio walioigeuza kuwa njia ya kupokelea malipo, bila kuombwa na yeyote, kwa kumtajia mteja namba zao za kawaida. Kampuni zilikuja nyuma yao. Lipa na M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2013, na ilipofika 2020 ndipo Safaricom ikatoa Pochi la Biashara, ambayo kazi yake hasa ni kutenga fedha za biashara na za mwenyewe ndani ya laini hiyohiyo moja. Miaka 13 tangu huduma ianze, kampuni iliyoianzisha ikawa imekiri kwamba pochi moja haitoshi kwa mtu mwenye biashara. Tanzania nayo ina lipa namba, ambayo leo utaikuta imebandikwa hata kwenye bajaji, na mteja wa mtandao mmoja anaweza kulipa kwenye namba ya mtandao mwingine. Kwa hiyo nyenzo zipo. Kinachokosekana ni uamuzi wa mwenye duka kuzitumia, kwa sababu si wachache waliobandika lipa namba ukutani kisha wakaendelea kumwambia mteja, "Nitumie tu kwenye hii yangu."

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiko hasara inakojificha zaidi. Utafiti wa biashara ndogo Tanzania, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2012, ulikuta zaidi ya biashara milioni 3, nyingi mno zikiendeshwa na mwenyewe peke yake au na wasaidizi wachache. Katika biashara ya namna hiyo hakuna mhasibu. Salio la simu ndilo mhasibu. Sasa mchukue muuza mitumba ambaye jioni anafungua menyu na kukuta salio la shilingi 300,000. Ndani ya fedha hizo, 180,000 ni mauzo. Nyingine 70,000 ni za wanakikoba, kwa kuwa yeye ndiye mweka hazina, na 50,000 zimetumwa na mdogo wake aliyeko Muscat kwa ajili ya dawa za mama. Kesho asubuhi akienda kufunga mzigo, simu haitamwambia kwamba amenunua belo kwa dawa za mama. Itamwambia tu kwamba salio linatosha. Wiki mbili baadaye fedha ya dawa inadaiwa, anaitoa kwenye mtaji, na duka linaanza kupungua bila mtu kujua limeanza kupungua siku gani. Watu husema biashara imekufa kwa sababu wateja wamepungua, na huenda ni kweli, ila mwenye taarifa ya miamala iliyochanganyika hana namna ya kujua. Mwenye laini ya duka peke yake anaweza kuomba taarifa ya miezi mitatu akaisoma kama mtu asomavyo daftari: Jumamosi zinaingiza nini, mwisho wa mwezi unaleta nini, na ile bidhaa aliyoongeza Machi imebadili chochote au la.

Kuna uvujaji mwingine ambao haukuwapo zamani, nao unatokana na mikopo ya papo kwa papo. Fuliza ilianza Kenya Januari 2019, na Tanzania tuna Songesha na ndugu zake. Mtu akipungukiwa katikati ya muamala, mtandao humkopesha, kisha hujilipa kutoka kwenye fedha itakayoingia baadaye katika laini ileile. Ni huduma nzuri usiku mtoto anapougua. Lakini ona kinachotokea laini ikiwa moja: mwenye duka amesongesha kununua umeme wa nyumbani saa tatu usiku, na asubuhi mteja wa kwanza wa duka analipa mfuko wa saruji. Fedha ya saruji inaingia na deni la umeme linaikata hapohapo. Mwenye duka hakuamua kutumia mtaji kununua umeme. Mfumo umeamua kwa niaba yake, kwa utaratibu alioukubali alipojiunga bila kuusoma. Sidhani kuna daftari lolote linaloweza kushindana na makato yanayojifanya yenyewe. Dawa ni kuhakikisha kwamba fedha ya saruji haipiti mlango huo.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya usalama, na nashangaa haizungumzwi inavyostahili. Fikiria namba ya simu iliyochorwa kwa rangi juu ya mlango wa duka. Imeandikwa pia kwenye risiti, kwenye kadi ya harusi ya mtoto wa jirani ambako mwenye duka ni mjumbe wa kamati, na kwenye mlango wa bajaji yake. Mtaa mzima unaijua, na hilo ndilo lengo lake. Tatizo ni kwamba kwa wengi namba hiyohiyo ndiyo benki inakotuma tarakimu za kuthibitisha muamala, ndiyo iliyofungua WhatsApp, ndiyo inayorudisha nywila ya barua pepe ikisahaulika. Tapeli anayetaka kuingia kwenye maisha ya mtu huyo hana haja ya kutafuta mlango. Umechorwa kwa rangi ya mafuta. Akifanikiwa kuiteka laini, kwa kumshawishi au kumhonga mtu aitoe upya kwa jina la mwenyewe, amepata vyote kwa mkupuo. Namba ya matangazo na namba ya siri za mtu zina kazi zinazopingana: moja inataka kujulikana na kila mpita njia, nyingine inataka kujulikana na watu wachache iwezekanavyo. Kuzitia kazi hizo mbili katika laini moja ni kuiomba namba ifanye yasiyowezekana.

Utasema tapeli ataisumbua hiyo laini ya duka vilevile. Atasumbua, na ndivyo ninavyotaka: aisumbue ile isiyo na akiba ya nyumba, isiyounganishwa na benki. Isitoshe, laini yenye kazi moja humwonyesha mwenyewe upesi kisichofanana na kazi hiyo. Ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewanasa Watanzania wengi kwa sababu unatupwa kwa maelfu, na daima kuna mtu ambaye kweli muda huo anasubiri kuambiwa hela aitume wapi. Laini inayobeba kodi ya nyumba, mzigo wa jumla, ada na michango ina "ile hela" tano au sita kila wiki. Haishangazi kwamba moja hugongana na ujumbe wa tapeli. Laini ya duka, ambayo wauzaji wa jumla wanne tu ndio hulipwa kupitia kwake na majina yao yamehifadhiwa, haina nafasi ya hela isiyo na jina. Ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania bila wasiwasi, kisha kazi ikaendelea. Na ukiwa bado na shaka kama kuna mtu amesajili laini nyingine kwa kitambulisho chako cha NIDA, *106# inakujibu kwa dakika moja. Ni jambo la kufanya leo hata kama hukubaliani na mengine yote ninayoyasema.

Usalama una upande wa ndani pia, yaani wa msaidizi wa dukani. Mwenye duka mwenye laini moja ana njia mbili tu anapotoka. Aende na simu, na mteja anayelipa ashindwe kuthibitishiwa malipo, au aiache simu pamoja na namba ya siri kwa kijana wa kazi, na hapo amemwachia fedha, mazungumzo ya ndoa yake na picha za familia. Nadhani wizi mwingi wa dukani huanzia kwenye uamuzi huu wa kulazimika, si kwenye tabia mbaya ya kijana. Lipa namba ya duka hulegeza fundo hilo: ujumbe wa malipo unafika kwenye simu inayokaa kaunta, huku namba ya siri ya kutolea fedha akibaki nayo mwenyewe. Pia husaidia dhidi ya ujumbe wa malipo wa kughushi, ule unaofanana neno kwa neno na wa mtandao ila umetoka kwenye simu ya mtu. Msaidizi anaweza kufundishwa kanuni moja, kwamba mzigo hautoki mpaka fedha ionekane kwenye salio au kwenye orodha ya malipo ya lipa namba, hata mteja awe na haraka kiasi gani. Kanuni hiyo haitekelezeki ikiwa salio limo kwenye simu iliyoko mfukoni mwa bosi, Kariakoo. Kenya kuna hila nyingine ya mnunuzi kulipa, kuchukua bidhaa, kisha kuomba fedha yake irudishwe kupitia 456 akidai amekosea namba. Pochi la Biashara liliwekewa kizuizi kwamba fedha hairudi bila idhini ya muuzaji, na hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu ya kuihama laini ya kawaida.

Nigusie kwa ufupi wateja wenyewe, maana namba zao ni mali tuliyokabidhiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Mchezo wa nyingi za programu za aina hii unajulikana: ukiipakua unairuhusu isome majina yote kwenye simu, na ukichelewa kulipa inaanza kuwaandikia watu hao kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo karibu shilingi milioni 3 za nchi hiyo kwa kutumia majina yaliyochukuliwa kwenye simu za watu. Sasa mwenye duka aliyekopa kwa shida ya nyumbani, na wateja wake 400 wako kwenye simu hiyohiyo, ataaibishwa mbele ya wateja 400. Orodha ya wateja ikikaa kwenye simu ya duka, hata kama ni kitochi, balaa la nyumbani linabaki nyumbani. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haisemi kwamba wenye maduka madogo hawahusiki.

Haya, pingamizi. La kwanza ni gharama, na lina ukweli ndani yake. Si ya simu, kwa kuwa simu ya laini mbili ndiyo ya kawaida katika soko letu na kitochi hakimshindi mwenye genge. Gharama yenyewe iko kwenye makato. Ukitenga pochi mbili, kila unapohamisha fedha kutoka duka kwenda nyumbani unakatwa, na mfanyabiashara wa faida ya mia mia anahisi kila mia. Tulijifunza mwaka 2021 jinsi jambo hili linavyouma: tozo ya miamala iliyoanza Julai ya mwaka ule, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, ilipigiwa kelele mpaka serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba hiyohiyo, kisha mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashuka hadi 4,000. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba makato ni kitu kidogo. Namwambia ahamishe mara moja kwa wiki, si kila jioni, na aulize makato ya lipa namba kabla hajachagua mtandao, maana hayalingani. Kenya, kwa mfano, lipa namba ya Buy Goods hukatwa kwa muuzaji asilimia 0.55, ilhali malipo yasiyozidi shilingi 200 hayakatwi. Kwa muuza chapati hiyo ni bure, kwa muuza mabati si bure. Kisha aweke makato hayo upande mmoja na upande wa pili aweke belo moja lililonunuliwa kwa fedha ya kikoba. Nadhani ataona lipi ni ghali.

La pili ni gumu zaidi, nalo husemwa kwa kucheka: duka langu, hela yangu, familia yangu ndiyo inayokula, sasa namficha nani? Kuna hekima hapa ambayo washauri wa biashara huidharau. Biashara ndogo ya kwetu haikuanzishwa ili iwe kampuni. Ilianzishwa ili watu wale, wasome na watibiwe, na ndugu akifiwa duka ndilo benki ya ukoo. Anayemwambia mama lishe asiguse fedha ya biashara kwa ajili ya nyumbani anamwambia aache sababu ya kuamka saa kumi alfajiri. Mimi sisemi asiguse. Nasema aguse kwa muamala unaoonekana. Fedha ikitoka laini ya duka kwenda laini ya nyumbani, imeandikwa tarehe na kiasi. Mwisho wa mwezi anajua kwamba duka limelisha nyumba kwa shilingi ngapi, na pengine kwa mara ya kwanza mumewe naye anajua. Ile hoja ya ukoo hupata nguvu vilevile: ni rahisi kumjibu shemeji "laini ya nyumbani haina kitu mpaka Ijumaa", jibu la kweli na lenye heshima, kuliko kumdanganya mtu anayejua kabisa kwamba duka limefunguliwa leo na lina wateja.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: laini ya biashara ni kujipeleka TRA mwenyewe. Hofu hiyo naielewa, lakini imekaa vibaya. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Zoezi lile la kufungia zisizosajiliwa lilianza Januari 2020. Anayepokea mauzo kwenye laini yake binafsi hajajificha, amechanganya tu. Na siku akiulizwa, mchanganyiko ndio utakaomhukumu, kwa sababu michango ya harusi ya milioni 6 aliyoikusanya kama mweka hazina itaonekana kwenye taarifa ya miamala ikiwa imekaa pamoja na mauzo ya sabuni, na ni yeye wa kueleza kipi ni kipi, miaka miwili baadaye, bila daftari. Zaidi ya hapo, sheria yenyewe inamlipa anayetunza kumbukumbu. Katika viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya mwaka yasiyofika milioni 4 hadaiwi. Anayeuza kati ya milioni 4 na 7 bila kumbukumbu anadaiwa 100,000. Mwenye kumbukumbu anadaiwa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5, hiyo ni 30,000. Tofauti ya 70,000 inanunua kitochi na laini, na chenji inabaki.

Wapo ambao hoja yangu haiwafai, au haiwafai bado. Mtoto wa shule anayeuza karanga jioni, mama anayekaanga mihogo ya kilo mbili na kulipwa sarafu mkononi, hawana miamala ya kutenga, na kuwapelekea somo la laini ya biashara ni kuwachosha. Nadhani mpaka uko hapa: siku ambayo malipo ya simu yanakuwa ya kila siku na si ya bahati, au siku ambayo mtu wa pili anaanza kukaa dukani, wakati umefika. Na laini ya pekee haifuti daftari la karatasi. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kusuasua. Oktoba 4, 2021, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Deni la mteja lililoandikwa kwa kalamu halikujua kuna hitilafu. Ndiyo maana pia nashauri laini ya duka iwe ya mtandao tofauti na ya nyumbani. Mmoja ukilala, mwingine hukesha.

Hapa lazima kampuni za simu nazo ziguswe, kwa kuwa si haki kumtwisha muuza genge lawama zote. Kama kutenga fedha ni kuzuri kwa mteja, na matangazo yao yanasema hivyo, basi kuhamisha fedha kati ya pochi mbili za mtu mmoja mwenye kitambulisho kimoja kusikatwe kama anavyokatwa anayemtumia mgeni. Taarifa ya miamala ya miezi sita ipatikane kwa lugha ya Kiswahili na katika umbo ambalo mtu wa darasa la saba anaweza kulisoma, mauzo yakiwa yamejumlishwa kwa siku, badala ya kurasa 40 za namba za muamala. Na utaratibu wa warithi kufikia lipa namba ya marehemu uelezwe wazi wakati wa kusajili, si baada ya msiba. Leo mjane akienda kwenye ofisi ya kampuni ya simu anaanza safari ya barua za mirathi huku wateja wa marehemu wakiendelea kulipa kwenye namba asiyoweza kuigusa. Kutenga laini hakumwondolei safari hiyo, ila angalau fedha ya duka inajulikana kuwa ya duka, na msaidizi anajua wauzaji wa jumla wanaodai ni akina nani.

Anayeamua kuhama asihame kwa siku moja. Wateja huishika namba ya muuzaji kwa miaka, na pingamizi kwamba "wote wanaijua ya zamani" ni la kweli kwa miezi kadhaa tu. Swali ni ipi kati ya namba mbili iwe ya duka, na mimi ningeshauri kinyume cha mazoea: ile ya zamani, inayojulikana na mtaa mzima, iachiwe duka, na mwenyewe achukue mpya kwa ajili ya benki, barua pepe na familia. Ndugu ni wachache na watajulishwa kwa jioni moja; wateja hawajulishiki. Benki ndiyo ya kuanza nayo, aende tawini akabadilishe namba ya kupokelea tarakimu, kisha barua pepe, kisha mikopo yote ya papo kwa papo ilipwe na kufungwa kwenye laini ya zamani kabla haijakabidhiwa kaunta. Kwenye simu ya duka, ikiwa si kitochi, iwekwe WhatsApp Business, ambayo ni bure tangu ilipotoka 2018, na iwashiwe uthibitishaji wa hatua mbili wenye tarakimu sita ambazo msaidizi hazijui. Akaunti hiyo huunganishwa na hadi vifaa vinne vingine, kwa hiyo kijana anaweza kujibu wateja kwenye simu yake bila kuishika laini yenyewe. Namba za wauzaji wa jumla ziandikwe upya kwa majina kamili, pamoja na jina linalotokea mtu anapowatumia fedha. Laini mpya ya nyumbani nayo itumike mara kwa mara, hata kwa kupiga tu, kwa kuwa laini iliyokaa kimya kwa miezi hufungwa na namba kupewa mtu mwingine, pamoja na tarakimu za benki zitakazotumwa huko.